Mlango wa Chumba cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kiguunanjia, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi seremala, lakini ukienda karakanani kwake ungekuta kufuli. Kazi yake ilikuwa majumbani mwa watu. Mvua zikianza tu, simu yake haikupumzika. "Fundi, mlango wa jikoni umegoma." "Fundi, dirisha la sebuleni halifungi." "Fundi, tuko nje, ufunguo unazunguka lakini mlango haujongei." Naye alitia randa, patasi na kopo la mafuta ya bawaba kwenye mfuko wake wa turubai, akashika njia.

Mtaa wenyewe ulikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule ulipasuka nyufa ambazo mtoto angeweza kuingiza mkono mpaka kiwikoni. Mvua zikinyesha ulivimba, ukawa mzito, ukang'ang'ania viatu vya wapita njia. Nyumba nazo zilikwenda na udongo. Masika milango iligoma kufungwa, kiangazi milango ileile ikapwaya, upepo ukapita pembeni na mijusi ikaingia bila hodi. Kwa hiyo masika Kiguunanjia alipunguza mbao kwa randa, na kiangazi alirudi kwenye mlango uleule kubandika ubao mwembamba wa kuziba pengo alilolifungua mwenyewe. Watani walisema yeye na udongo wamekula njama.

Alicheka nao, lakini kicheko hakikumfika moyoni. Fundi anayejiheshimu hufanya kazi ikaisha. Yake haikuisha. Alikuwa akiweka randa juu ya mlango na huku anajua kabisa kwamba mlango hauna kosa, ila hakujua kosa liko wapi hasa. Wakati mwingine aliwalaumu waashi, wakati mwingine mbao mbichi, wakati mwingine mizizi ya miti. Akitoka nyumba moja kwenda nyingine alitembea kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, na hata akifika kwake hakukaa. Alikunywa chai amesimama.

Kwake pia kulikuwa na lake.

Nyumba aliijenga mwenyewe, yeye na mkewe, tofali kwa tofali, enzi zile watoto wakiwa wadogo. Sasa watoto walikuwa watu wazima wenye miji yao, na mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alikuwa ameigeuza sebule kuwa mahali pake pa kazi. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, pasi kwenye meza, na vipande vya vitambaa vilikaa juu ya kila kiti, hivi kwamba mgeni alilazimika kuuliza kwanza kabla ya kuketi.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake na magoti mabovu na ugonjwa wa sukari. Kiguunanjia hakungoja kuombwa. Aliongeza chumba ubavuni mwa nyumba, akakipiga plasta, akakitengenezea mlango ambao mfano wake hakuwahi kuitengenezea nyumba ya tajiri yeyote. Fremu nzito ya mbao ngumu, katikati vibao vipana vilivyochongwa kingo, kitasa cha shaba. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, huo mlango ni wa ngome au wa chumba cha bibi?" Akajibu, "Mkwe ni mkwe. Sitaki aje kusema nimemweka kwenye stoo."

Mama mkwe alihamia, akaupapasa mlango, akasema, "Ahsante, baba." Halafu akapanda maua chini ya dirisha lake. Kila asubuhi aliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo, na Kiguunanjia, akiwa nyumbani, ndiye aliyembebea ndoo. Ilimfurahisha kumwona ameinama pale, kanga imefungwa kiunoni, akiyasemesha maua yale kama wajukuu watundu.

Ufa wa kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye kona ya juu ya ule mlango, ukapanda kwa mshazari kuelekea kwenye paa. Kiguunanjia aliuona asubuhi moja, akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akachora mstari mfupi pale ufa ulipoishia. Kesho yake ufa ulikuwa umepita mstari. Akachora mwingine. Akauziba kwa saruji, akapaka rangi. Ukarudi palepale, safari hii mnene zaidi, umekunja sura.

Toka hapo hakuwa na amani. Alikuwa anaamka, kabla hata ya kunawa uso anakwenda kuutazama ukuta. Mezani alinyamaza katikati ya maneno, ameinua kidole, anasikiliza. "Umesikia?" "Nimesikia nini?" "Kama kitu kimelia." Mkewe alishusha pumzi. "Kilicholia ni tumbo lako, kula."

Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kike aliyefanya kazi kwenye maabara ya barabara. Kabla lami haijamwagwa, yeye na wenzake huchimba udongo, wakaukausha, wakaupima kama utabeba magari. Alikuja kuwasalimia kiangazi kile, akazunguka nyumba, akachomeka kijiti kwenye pasuko la ardhi. Kijiti chote kikazama.

"Shemeji," alisema, "gata la paa upande huu liko wapi?"

"Lipo. Nimelinunua, limelala karakanani."

"Litakufaa nini likiwa limelala? Maji yote ya bati yanaangukia hapa, chini ya chumba cha mama. Lifunge kabla mvua hazijaanza, na uzungushie msingi zege. Huu udongo si wa kuchezea."

"Wewe bwana, huo udongo unaupima au unaula? Mbona unaujua hivyo?"

Shemeji hakucheka sana. "Lifunge tu," alisema.

"Nitalifunga."

Na kweli alikusudia. Lakini nyumba ya kwanza ilipiga simu, kisha ya pili, kisha jirani wa nyumba ya tatu alimkamata njiani. Kila alipofungua karakana aliliona gata limeegemea ukuta, akaapa kuwa kesho haitapita. Kesho ilipita, na ile iliyofuata ikapita.

Mvua za mwaka ule zilikuja bila kupiga hodi. Zilinyesha kutwa kucha. Siku hiyo asubuhi Kiguunanjia alikuwa nyumbani kwa muuguzi mmoja, mama mnene mcheshi aliyekuwa na likizo, akimpigia randa mlango wa bafuni. Simu ikaita. Ni mkewe.

"Njoo nyumbani. Mama ameanguka chumbani na mlango haufunguki."

"Haufunguki vipi?"

"Haufunguki! Nimesukuma mpaka bega limevimba!"

Alitoka mbio. Randa ilibaki juu ya mlango, mfuko wa zana ulibaki sakafuni, na muuguzi alibaki ameshika kikombe cha chai aliyotaka kumpa. Barabara ilikuwa tope tupu. Kiatu kimoja kilinasa, akakiacha.

Alimkuta mkewe amepiga magoti mlangoni, shavu ameliegemeza kwenye mbao.

"Mama," Kiguunanjia aliita, "unanisikia?"

"Nakusikia, baba." Sauti ilikuwa chini, karibu na sakafu. "Nimeteleza. Nyonga inaniuma."

"Umekula?"

"Nimejidunga sindano. Nilikuwa naelekea kwenye chai."

Kiguunanjia na mkewe walitazamana. Wote wawili walijua maana yake. Sindano ile ilihitaji chakula juu yake. Bila chakula, sukari ingeshuka, na mama angeanza kutetemeka, kisha kupotewa na maneno, kisha kupotewa na fahamu. Na sauti yake ilikuwa imeshaanza kujiburuta.

Mkewe alikimbilia nje kwenye dirisha. Lilikuwa na nondo, Kiguunanjia mwenyewe alizichomelea kwa kuogopa wezi, mkono ulipita lakini mtu hapiti. Akatupa pipi ndani. Moja ikaingia uvunguni mwa kitanda, nyingine ikatua mbali na mkono wa mama, na mama hakuweza kujivuta. "Mama, iko kushoto kwako! Kushoto!" Mkono wa mama ulipapasa sakafu kulia, ukatulia.

Ndani ya nyumba Kiguunanjia alipiga mlango kwa bega mara ya kwanza. Ilikuwa kama amepiga mwamba. Fremu ilikuwa imepinda, upande mmoja umeinuka, ukaubana mlango juu na chini mpaka hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha karatasi. Akapiga tena. Vumbi la saruji likamwangukia usoni. Akainua macho.

Ule ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha kuingiza vidole. Linta, lile boriti la zege lililolala juu ya mlango, lilikuwa limeachana na ukuta upande mmoja na kushuka. Halikuanguka kwa sababu moja tu. Lilikuwa limekaa juu ya fremu, na fremu imekaa juu ya mlango. Mlango wake, ule mzito aliochekwa kwa ajili yake, ndio ulioshikilia zege lile lisimwangukie mama. Angeung'oa kwa mtaimbo, angekuwa amemmaliza mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe.

Mtu yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona ametulia alisimama pale, mikono imelegea, maji ya mvua yanamchuruzika. Vunja. Usivunje. Zana hana. Kwenye karakana? Karakana iko ng'ambo ya barabara, ufunguo uko kwenye mfuko, mfuko uko kwa muuguzi.

"Fundi!" Muuguzi alikuwa mlangoni, mwavuli umepinduka, anahema, mfuko wa turubai ameukumbatia kama mtoto. "Umekimbilia nini bila hivi?"

Hakumshukuru hata. Aliunyakua mfuko, akatoa kekee na msumeno mwembamba. Akaegemeza mbao za kitanda cha zamani, zilizokuwa zimesimamishwa pale ukutani, chini ya linta, huku na huku, akazikaza kwa kabari. Kisha akapiga magoti mbele ya kibao cha chini cha mlango, kimoja cha vile vipana vilivyochongwa kingo, ambacho hakikuwa kimebeba kitu.

"Mama, sogea kama unaweza. Natoboa hapa chini. Na... jifunike, mama."

Kutoka ndani sauti ilijivuta, nzito, lakini bado ni ya mama mkwe yuleyule. "Kata, baba. Aibu tutaiona baadaye."

Kekee ilizunguka. Tundu likapatikana, msumeno ukapita, unga wa mbao ukamwagika juu ya magoti yake. Alikata bila kupumua, jicho moja kwenye msumeno, jingine juu kwenye linta. Kila kipande cha plasta kilipodondoka alisita, akasikiliza, akaendelea. Kibao kilipoachia, mkewe alikuwa ameshakuja na kikombe cha maji ya sukari. Muuguzi alijilaza kifudifudi, mkono wote ukapita tunduni, akaipata shingo ya mama, akamnywesha taratibu. "Meza. Hivyo hivyo. Tena." Mengi yalimwagika. Mengine yaliingia.

Muuguzi aliendelea kumnywesha hadi kikombe kikaisha. Kisha mama akasema, wazi kabisa, "Haya maji mmetia sukari ya harusi nzima."

Mkewe aliangua kilio hapohapo.

Walimpitishia shuka, wakamviringisha, wakamvuta kupitia tunduni. Kitambaa cha kichwa kilibaki ndani. Muuguzi alimkagua nyonga, akasema ni mteguko tu na michubuko, akamfunga, akaondoka na kusahau mwavuli. Kesho yake mchana, hakuna mtu karibu, linta lilishuka na robo ya ukuta ikalifuata. Mbao za kitanda zilivunjika. Ule mlango wenye tundu ulibaki umesimama peke yake kwenye kifusi, mpaka Kiguunanjia alipoulaza chini.

Usingizi ulimpaa. Mama mkwe alilala kwenye chumba chao, mkewe chini ya cherehani, naye kwenye kiti, na huko kwenye kiti hakukaa. Alikwenda kulifunga gata, katikati ya mvua, bila ngazi ya maana, hivyo hivyo juu ya pipa. "Shuka!" mkewe alipiga kelele. "Umengoja mwaka mzima, leo ndiyo unataka kufa nalo?" Hakushuka mpaka lilipokaa. Kisha akaenda kutazama kuta nyingine, akachora alama za penseli kila mahali, hadi nyumba ikawa kama daftari la mtoto wa chekechea.

Shemeji alifika mvua zilipopumua. Kiguunanjia alikuwa amejiandaa kusutwa. Alikuwa ameyapanga hata majibu. Shemeji alimpita tu. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akavaa mabuti, akachimba shimo chini ya dirisha penye maua, akachimba jingine upande wa pili wa nyumba. Kutoka mashimo yote mawili alichukua udongo, akauanika kwenye sinia juu ya jiko la mkaa, akausaga. Kesho yake alikaa kwenye meza ya sebuleni na glasi tatu za dada yake.

Kwenye ya kwanza alitia mchanga na maji. Kwenye ya pili udongo mweusi na maji. Kwenye ya tatu udongo uleule, ila aliuchanganya na chokaa kidogo kabla ya maji. "Tuziache," alisema.

Kiguunanjia alizunguka meza ile mchana kutwa. Alikuwa akitoka, anarudi, anainama. Mchanga haukusogea. Udongo mweusi ulikuwa unapanda. Polepole, bila fujo, ukaijaza glasi, ukawa mara mbili ya ulivyokuwa. Ule wa chokaa uliinuka kidogo, ukanyamaza.

"Haya, niambie," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza akaketi, juu ya vitambaa vya mkewe.

Shemeji alitazama huku na huku akitafuta cha kumwonyeshea. Kwenye meza ilikuwepo pasi mbovu ya dada yake, ambayo Kiguunanjia alikuwa ameifungua ili aitengeneze. Akatoa ndani yake kile kibamba kinachong'aa ambacho waya wa moto huzungushiwa. Akakichomekea ukucha ubavuni, kikaachana na kuwa vipande viwili vyembamba, kila kimoja kinapitisha mwanga.

"Huu ni ulanga. Ni jiwe, lakini limepangwa kurasa juu ya kurasa. Na huo udongo wako nao ni hivyohivyo, kurasa, ila ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Ni kama ndugu, hawa wawili."

"Basi mbona pasi haivimbi?"

"Ndilo swali. Tazama, tofauti haiko kwenye kurasa. Iko kwenye kilichokaa katikati ya ukurasa na ukurasa. Kwenye ulanga, katikati kuna chembe za aina moja ya madini, zimekaa kila moja kwenye kishimo chake, zimebana kurasa pande zote. Maji hayapati pa kuingilia. Kwenye udongo wako chembe za katikati zimeshika kwa ulegevu, halafu zinapenda maji kupita kiasi. Mvua ikinyesha, maji yanajipenyeza, safu juu ya safu, kurasa zinasukumana. Jua likiwaka, maji yanatoka, kurasa zinarudiana. Ukurasa mmoja si kitu. Lakini hapo chini ya nyumba ziko ngapi?"

Kiguunanjia alikipapasa kile kibamba. Kisha akainuka, akaenda karakanani, akarudi na kipande cha plaiwudi kilichoharibika. Kilikuwa kimevimba, kimefumuka kando kama mkate ulioloa.

"Hii," alisema. "Mbao zake nzuri kabisa. Kiwanda kilitia gundi ya ovyo. Maji yalipita kwenye gundi."

"Hapo umenipata, shemeji."

"Na chokaa?"

"Chokaa inaleta chembe nyingine. Zinawafukuza wale wapenda maji, zinakaa mahali pao, zinavuta kurasa karibu. Na baada ya muda chokaa na udongo vinashikana, vinakuwa kama jiwe baya. Si gundi yako ya kiwandani, lakini inashika. Sisi barabarani tunafanya hivyo siku zote."

Kiguunanjia aliigeuza ile plaiwudi mkononi, akaigeuza tena. Miaka yote ile, randa juu ya milango ya watu. Alihisi uchungu, na pia kitu kama kupumua.

"Lakini kwa nini kona ile tu?" mkewe aliuliza. "Nyumba nzima iko kwenye udongo huohuo."

Shemeji alitazama chini. Kiguunanjia alielewa kabla hajajibu, akamkanyaga mguu chini ya meza. Walikuwa wamechelewa. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, ameshika fimbo.

"Jibu, mwanangu," mama alisema.

"Udongo ukivimba wote sawasawa, nyumba inapanda na kushuka nao, haidhuriki sana. Tatizo ni kona moja ikinywa kuliko nyingine."

"Na kona yangu inakunywa kila asubuhi." Alisema polepole. "Kwa hiyo ni maua yangu yaliyoivunja nyumba ya mkwe wangu."

"Hapana, mama," Kiguunanjia alisema, akasimama. "Ni gata langu. Maji ya paa zima yalikuwa yanaangukia pale. Ndoo yako moja ni nini mbele ya paa?"

"Kila siku ya Mungu, baba. Masika na kiangazi."

"Na mimi ndiye niliyekubebea ndoo!"

"Na mimi ndiye niliyekuomba!"

"Mama, niliambiwa nilifunge. Shemeji huyu hapa aliniambia."

"Basi tuseme kosa ni langu mimi niliyewaoshea vyombo," mkewe alidakia, "maana maji yalikuwa yangu. Mtaacha sasa, au tuite mwamuzi?"

Mama mkwe alimtazama binti yake, halafu mkwe wake, halafu midomo ikaanza kumcheza. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akalazimika kushikwa.

Kiangazi kilipoingia walichimba. Shemeji alichukua likizo yake kuja kusimamia, na ilimbidi amsimamie Kiguunanjia kuliko udongo, kwa sababu mwanamume yule alitaka kila kitu kiishe jana. "Shemeji, chokaa inataka kukaa. Iache." "Imekaa." "Umeimwaga sasa hivi!" Walitoa udongo mweusi chini ya chumba kile na kupajaza kifusi cha changarawe. Pande nyingine za nyumba, ambako hawakuweza kuchimba kote, waliuvuruga udongo na chokaa kwa majembe, wakaumwagia maji, wakaushindilia, mpaka mikono ikababuka na nyusi zikawa nyeupe. Juu yake wakamwaga zege lenye mteremko. Mama mkwe alihamishia maua yake kwenye madebe, akayapanga mbali, kando ya uzio, akayagombeza kutokea huko.

Kiguunanjia alijenga ukuta upya. Alipofika kwenye mlango alipima, akatafuta mbao, akaanza kuchonga. Mama mkwe akamwita.

"Baba, usinichongee."

"Mama, chumba bila mlango?"

"Nitafutie pazia. Huyu mshonaji wako hawezi kunishonea pazia?"

"Mama, wale wa nje watasema..."

"Waseme. Nililala sakafuni, naona mwanga chini ya dirisha, nasikia sauti za wanangu nyuma ya ubao, na mikono haifiki popote. Sitaki tena kitu kinachofunga. Nisamehe, najua ni kazi yako."

Kiguunanjia alizikusanya mbao shingo upande, akazirudisha karakanani. Mkewe alishona pazia zito la bluu, na likafungwa.

Mvua zilizofuata zilimkuta Kiguunanjia nje. Alizunguka nyumba na koti la plastiki, akagusa kuta, akainama kwenye zege, akafuata maji yalivyotoka kwenye gata na kukimbilia mferejini. Chumba kile hakikusogea. Mlango wa mbele uligoma kidogo, na juu ya dirisha la jikoni paliota ufa mpya, mwembamba. Alimpigia shemeji simu papo hapo.

"Huo ni mdogo," shemeji alisema. "Nyumba ile ni ya zamani, haitatulia kabisa. Ungoje kiangazi ndiyo uuzibe."

"Nisubiri tu?"

"Usubiri tu."

Alikata simu, akabaki anaukodolea macho. Penseli ilikuwa sikioni. Simu nyingine zikaanza kuingia, za watu wa mtaa, milango na madirisha, ila siku hizi kabla ya kuuliza habari za mlango aliwauliza kwanza maji ya paa lao yanaangukia wapi. Wengine walikasirika. "Fundi, nimekuitia mlango, si paa!" Alikwenda vilevile, na koleo begani juu ya mfuko.

Akiwa anatoka alipita mbele ya chumba cha mama mkwe. Pazia lilikuwa limesukumwa pembeni kidogo. Mkono wake, wenyewe bila kuambiwa, ulitoka mfukoni na futi kamba, ukaipima miimo, zile kingo za mlango, upana na kimo, kisha mshazari, kona hadi kona.

"Imepinda?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Hapana, mama. Iko sawa."

"Basi nenda kazini."

Akaenda. Alipofika nje akasimama, akataka kurudi kupima tena, akajizuia, na mvua ikaongezeka.